Mlango Usio na Tundu

Njeru aliponipigia simu kuniambia kwamba Fundi Nyaga amekufa, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Kilikuwa kile kichefuchefu kinachompata mtu akifungua chupa ya maziwa iliyosahaulika kabatini. Nilimpa Njeru pole, kwa sababu yeye alibaki karakanani kwa Nyaga mpaka mwisho, nikamwambia nitafika Ishiara kwa mazishi. Sikuwa na sababu ya kwenda ila moja: nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu. Ndivyo nilivyo. Kitu nikiambiwa kimefungwa, hukivuta kwanza.

Tuliketi chini ya hema kwenye boma la marehemu, jua la huko chini likipenya kitambaa cha manjano na kutufanya sote tuonekane wagonjwa wa ini. Walitupatia wali na nyama kabla ya hotuba kwisha, maana watu walikuwa wametoka mbali. Mchuzi ulikuwa umeshaanza kuganda pembeni ya sahani, na nzi walikuwa wamefika kabla yangu. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema marehemu alikuwa mtu wa watu, kwamba kuanzia Embu mjini mpaka pale hakuna kijiji kisicho na geti lake. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Huyu alitufungulia milango sisi sote, na leo Bwana amemfungulia wake." Watu wakaitikia amina. Kisha mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa, akaja akaniinamia sikioni. "Mzee Mutuma, nimeambiwa wewe ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Utatupatia maneno mawili wajukuu wakimaliza kuimba." Nikamjibu sawa. Sahani yangu nikaisukuma chini ya kiti bila kuonja chakula, nikaanza kupanga maneno mawili, na kila neno lililokuja lilitoka katika mwaka ule mmoja niliofanya kazi kwake.

Karakana ilikuwa Dallas, mtaa wa Embu, nyuma ya duka la mbao. Ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, paa nusu, sakafu ya udongo uliokolea oili mpaka ukawa kama ngozi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Sikuwa nimepita chuo chochote; hesabu ya pembe niliisoma katika kitabu kisicho na jalada, na mengine niliyapata katika majarida ya mafundi wa ng'ambo ambayo mchinjaji mmoja sokoni aliyanunua ya kufungia nyama, nami nikamwomba aniuzie kabla hayajapata damu. Nyaga alinichukua kwa sababu niliweza kusoma futi bila kukosea. Njeru, aliyekuwa rika langu, alichukuliwa kwa sababu alimfanya Nyaga acheke.

Saa ya chakula cha mchana ndiyo niliyoichukia. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kutoka beseni moja, vijiko vitatu, na Nyaga alikuwa mtu wa kusema mdomo ukiwa umejaa. Alisimulia nyumba alizotia milango. Alisema fundi wa milango anaijua nyumba kuliko mwenyewe: anajua kitanda kimeelekea wapi, nani analala peke yake, nani ameanika nini bafuni. Aliwataja wanawake kwa majina ya mitaa yao. Punje za mahindi zilirukia upande wangu wa beseni nami nikawa nazisukuma kwa ncha ya kijiko. "Mutuma hali," Njeru alikuwa akisema, "anangoja chakula chenye picha, kama kile cha kwa majarida." Walicheka. Nilidhani wakati ule kwamba kinachonitapisha ni mate tu.

Picha moja katika majarida yale niliibandika ukutani juu ya vaisi ya kubania vyuma. Ilikuwa trela ndogo yenye umbo la tone la maji, mviringo mbele, nyembamba nyuma, ya kuvutwa na gari dogo. Ndani hamna kitu ila godoro, na ubavuni mlango mmoja. Watu wa kule huenda nayo msituni kupumzika. Mimi niliipenda kwa sababu ya hesabu yake, jinsi mstari ulivyopinda bila kuvunjika. Mama Kendi ndiye mteja wa kwanza aliyeitazama picha ile zaidi ya mara moja. Alikuwa ameleta pikapu yake tumchomelee bodi. Kwao ni Laare, kwenye mashamba ya miraa, lakini alisema miraa ni biashara ya kelele na kukimbizana, akachagua kununua ndengu, yaani choroko. Msimu wa kuvuna aliteremka Ishiara akakaa siku nyingi, akipima magunia mpaka pikapu ijae.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Ni kitanda chenye magurudumu, Mama Kendi."

"Inafungwa?"

Watu wengine wote waliuliza inavutwa na gari gani. Yeye aliuliza kama inafungwa. Nililiona swali la ajabu, kwa sababu sikuwa nimelala mahali alipokuwa akilala.

Nililala huko wiki chache baadaye, Nyaga alipotutuma mimi na Njeru Ishiara kutia geti. Chumba cha lojingi kilikuwa na kitanda, ndoo na mshumaa. Shuka ilikuwa na harufu ya miguu ya watu niliokuwa sijawahi kuwaona. Ukutani, kando ya mto, palikuwa na michirizi ya kahawia, mingine ya zamani, mingine bado myekundu, mahali wageni walipoponda kunguni kwa vidole gumba. Kandambili za bafuni zilikuwa na unyevu wa mtu mwingine. Mlango ulikuwa wa chuma, na ulikuwa na tundu. Msomaji wa hapa kwetu hana haja ya kuelezwa sana: ni lile dirisha dogo tunalolikata katika kila mlango na geti la chuma, kiasi cha kupitisha mkono, ili kufuli ikae ndani na aliye nje aweze kuifikia. Tunalikata bila kufikiri, kama tunavyotia bawaba. Tundu la mlango ule lilikuwa limezibwa kwa matambara, soksi, karatasi na kipande cha leso, vimeshindiliwa tabaka juu ya tabaka. Niliyavuta ili hewa iingie. Njeru akasema ni ya mbu. Tuliporudi nilimwuliza Mama Kendi, naye akaniangalia kama mtu anayepima gunia. "Kila mwanamke anayelala pale huja na kitambaa chake," alisema. "Wanaume wa lojingi wakilewa hujaribu milango. Wewe ulitoa?"

Hivyo ndivyo alivyoagiza trela. Mwili wake niliuchora mimi na Nyaga akaukubali: fremu ya bomba za pembe nne, plaiwudi ndani, bati nje. Ugomvi ulikuja kwenye mlango. Niliichora milango mitatu kwa chaki sakafuni, ukubwa wake halisi, Mama Kendi akazunguka kuitazama akiwa ameshika viatu mkononi ili asifute mistari. Wa kwanza ulikuwa wa pembe nne, rahisi, lakini ungeigonga matigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Wa pili ulifuata mgongo wa trela kwa juu, mzuri kuutazama, mgumu kuuziba maji yasiingie. Wa tatu ulikuwa mnyoofu isipokuwa kona moja ya chini, iliyopinda kulizunguka gurudumu. Bawaba zilikaa upande wa mbele, ili mlango ukisahaulika wazi njiani upepo uurudishe. Aliuchagua wa tatu. Nilifurahi, kwa sababu kona ile niliihesabu mimi. Ndipo Nyaga akachukua chaki akachora kiboksi karibu na ukingo.

"Tundu hapa."

"Mimi sitaki tundu," Mama Kendi alisema.

"Sasa mama, ukienda sokoni utafunga kufuli aje? Uache ndengu yako ikae hivi hivi?"

"Tia kitasa cha ufunguo."

"Kitasa ya ufunguo kwa vumbi ya Ishiara? Itakwama mwezi moja, urudi hapa unilaumu. Mlango bila tundu ni ya jeneza."

Njeru akacheka. Mimi nikasema vumbi lenyewe litaingia kwa tundu, na kwamba jarida linaonyesha kitasa. Nyaga akasema basi nimwite mwenye jarida aje achomelee. Mwishowe akaahidi kuweka kifuniko cha bati juu ya tundu, na Mama Kendi, aliyekuwa na mavuno yanamngoja, akakubali. Siku ya kumaliza nilikiona kifuniko kile. Nyaga alikuwa amekitia nje. Mtu wa nje angekiinua kwa kidole, na mtu wa ndani asingeweza kukizuia. Nilimwambia kifuniko kimekaa upande usiofaa. "Mvua inatoka wapi?" aliniuliza. "Inatoka ndani?" Kila geti alilowahi kutengeneza lilikuwa na kifuniko nje kwa ajili ya mvua, na kwa miaka mingi nimejiuliza kama siku ile ilikuwa mazoea tu au tayari ilikuwa kitu kingine. Nimeligeuza swali hilo kila upande na sijapata jibu. Jibu lolote linanichefua.

Mavuno yalipoanza Mama Kendi aliivuta trela mpaka Ishiara, akaiegesha pembeni ya soko. Nyaga mwenyewe kwao ni huko, na mwisho wa wiki alikuwa akienda nyumbani. Jumatatu moja alirudi kazini vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa. Alisema ni grinda. Nilimtazama alipokifungua kitambaa kupaka dawa. Grinda hukata na kuunguza, na jeraha lake huwa na mstari. Vidole hivi havikuwa na mstari. Kucha zilikuwa nyeusi na nyama imevimba kuzizunguka, kama kitu kilichopondwa, na majimaji ya manjano yalikuwa yakitoka pembeni. Siku hiyo alikula githeri kwa mkono wa kushoto, kutoka beseni letu.

Mama Kendi alikuja katikati ya wiki, saa ya chai ya saa nne, trela nyuma ya pikapu. Karakana ilikuwa na watu: mwenye duka la mbao, wateja wawili, mama wa chai na birika lake. Hakuzima hata injini.

"Nyaga, toa mkono mfukoni."

"Mama, kwanza salamu."

"Toa mkono watu waone."

Hakuutoa. Basi Mama Kendi akatugeukia sisi wengine, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kupatana bei. "Nilikuwa nimelala, kichwa kinaniuma, jua bado liko juu, watu wanaanua magunia yao. Nikaona kifuniko kinainuka. Nikafikiri ni mtoto. Mkono ukaingia. Haukupapasa. Mwizi angepapasa. Huu ulienda moja kwa moja kwa komeo, kama mtu anawasha taa kwake. Nikachukua jiwe la mizani nikaupiga."

Nyaga akatabasamu, na tabasamu lile ndilo ninaloliona kila mtu akinitajia jina lake. "Fundi hukagua kazi yake," alisema. "Nilikuwa naangalia kama komeo imeshika."

Mtu mmoja akacheka. Nilisikia kicheko kile wazi, kifupi, puani, na sikugeuka kuona ni nani kwa sababu nilihofia ningemtapikia. Mwenye duka la mbao akaongeza kwa upole, kama mtu anayeshauri, "Lakini mama, na wewe pia, mwanamke kulala ndani ya kibuyu kando ya soko, ulitegemea nini?" Mama wa chai alitazama ndani ya birika lake. Njeru alikuwa ametazama buti zake tangu mwanzo. Nilifikiria githeri. Nilifikiria hadithi zote zile zilizosimuliwa juu ya beseni, nami nimekaa nikidhani kinachonitapisha ni punje za mahindi, na kwamba kwa muda wote huo nilikuwa nikitafuna pamoja naye.

Nilichukua spana nikaenda kwenye trela nikaanza kufungua bawaba. Nyaga akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninatoa mlango. "Ukitoa huo mlango, usirudi hapa," alisema, "na nione ni nani Embu atakupa kazi." Alikuwa akisema kweli, mafundi wote wa mji ule walikuwa marafiki zake. Bolti moja ilikuwa imekwama, nikaitia oili, nikangoja iingie, nikaifungua. Mlango nikauegemeza kwenye ukuta wa mabati, chini ya ile picha yangu, na sikuirudia picha wala kitu kingine changu.

Mlango wa pili wa trela niliutengenezea uani kwa ploti niliyopanga chumba, palepale Dallas, bila mashine ya kuchomelea. Nilitumia mbao na plaiwudi kwa fremu, bati juu yake, mpira wa kuzuia vumbi uliong'olewa kwenye mlango wa gari bovu, na kitasa cha gari hilo hilo pamoja na ufunguo wake. Safari hii sikuchora chochote kwanza. Nilimwambia Mama Kendi aingie ndani alale kama anavyolala, kisha anyooshe mkono bila kufikiri. Pale mkono wake ulipogusa niliweka alama, na kitasa kikakaa hapo. Nikamwuliza dirisha. Akasema liwe juu ya kichwa, la wavu, mahali ambapo yeye ataona miguu ya anayekuja na anayekuja hataona kitu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu mlango wa trela, kuhusu upande wa bawaba na upana wa mpira na njia ya maji, na hakuna ukurasa uliosema uanze kwa kuuliza mkono wa nani unaufungua.

Ulipokuwa tayari alijifungia ndani akaniambia nijaribu. "Usinionee huruma. Jaribu kama mtu mbaya." Nilivuta. Nilitia waya pembezoni mwa mpira, nikatia bisibisi, nikasukuma kwa bega mpaka trela yote ikayumba. Nilijiona mchafu nikifanya vile, lakini nilimaliza kila njia niliyoijua. Kisha nikamwita. Hakujibu. Nikaita tena, nikaweka sikio kwenye bati, nikasikia akikoroma. Ilikuwa mchana, watoto wa ploti wanapiga mpira, jirani anasugua sufuria. Nikaketi juu ya jiwe la kufulia nikangoja mpaka aamke mwenyewe.

Sikupata kazi tena Embu, kama alivyosema Nyaga. Nilipanda Meru, na huko ndiko karakana yangu iko hadi leo. Sikati tundu. Wateja hunung'unika, husema mlango wangu ni wa kizungu, wengine huenda kwa jirani. Mama Kendi ameacha safari. Trela iko Laare chini ya mparachichi, wajukuu wanaichezea. Nilimpigia simu nikiwa njiani kuja mazishini. "Nenda," aliniambia. "Halafu uniambie kama wamelifunga hilo sanduku vizuri."

Wajukuu wa marehemu walipoanza kuimba niliondoka chini ya hema nikaenda msalani. Choo na bafu vilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa, nyuma ya nyumba, karibu na mahali sufuria za wali zilipokuwa zikichemka. Mlango wa bafu ulikuwa umeunganishwa vipande, bati limeongezwa juu na chini. Kipande cha katikati kilikuwa na kona moja iliyopinda, ikazibwa kwa kiraka. Niliijua kona ile ya mlango wa trela kabla sijaufikia. Nilipitisha kidole juu yake. Juu kidogo palikuwa na tundu, kifuniko nje, kimelainika kwa kuinuliwa. Ndani ya tundu palikuwa na kitambaa, kimeshindiliwa.

"Mzee, tafadhali usitoe hicho," mtu alisema nyuma yangu. Alikuwa mke wa mtoto wa marehemu, mikono imejaa unga. "Hicho ni chetu sisi akina mama."

"Mnakiweka tangu lini?"

"Mimi nilikikuta hapa nilipoolewa. Mama mkwe ndiye alinionyesha." Aliangalia upande wa hema, ambako spika zilikuwa zikiimba. "Sasa hata hakuna haja. Ni mazoea tu."

Wali ulinukia, mafuta yalinukia. Kisha nikamwuliza kama angependa nilizibe kabisa. Alijipangusa unga kwenye leso, akautazama mlango kutoka juu hadi chini. "Inawezekana?" aliuliza.

Nilienda garini nikaleta sanduku la vifaa, kipande cha bati na ribiti za kukibana. Nilipima, nikakata, nikapiga msasa kingo zisije zikamkata mtu. Wimbo ulikwisha. Mshereheshaji akaita jina langu, kisha akaliita tena, kwa sauti ya kubembeleza: "Mzee Mutuma, mwanafunzi wa kwanza wa marehemu, tunaomba uje mbele utuambie alikufunza nini." Yule mama akakichomoa kitambaa, akakishika kwa ncha za vidole, akakitupa motoni chini ya sufuria. Nikaweka bati mahali pake, nikatoboa, nikabana. Nikamwomba aingie ndani, afunge, aniambie kama anaona mwanga wowote.

Akaingia. Nikasikia komeo likishika.

"Hapo chini, kushoto," alisema. "Kidogo tu."

Nikatia ribiti nyingine.

"Sasa?"

"Sasa sioni kitu."

Nikauvuta mlango kwa mikono miwili. Haukufunguka.